Mwaka Nilioitwa Yaya

Tulikwisha kumzika Ruthi, tumekaa nyuma ya nyumba ya mwanawe kule Akheri, kila mmoja na sahani yake ya ndizi na nyama, Lazaro aliponiinamia mbele ya watu wote akasema, "Yaya, umeshiba au tukuongeze?" Watu wakacheka. Waliocheka zaidi ni vijana, ambao hata hawakujua wanachekea nini. Walidhani ni utani tu wa vikongwe wawili wasio na meno. Lakini mimi damu ilinipanda kama nina miaka kumi na tisa. Nikamwambia, "Yaya ameshiba, ndugu yangu. Sogeza sahani yako nikulishe, maana naona mkono unakutetemeka." Akacheka na yeye. Lazaro ni mwenzangu wa rika, tulitahiriwa msimu mmoja, tumebaki wawili tu, na kati ya wote waliopata kunikejeli hapa duniani ni yeye peke yake ambaye ningesikitika akinyamaza.

Mjukuu wangu Neema alikuwa karibu akasikia. Yeye anasoma chuo kikuu, anasomea habari za watoto wadogo wa shule ya awali, na tulipofika nyumbani hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu. "Babu, kwa nini anakuita yaya?" Nikamwambia nilifundisha vidudu, watoto wa chekechea, zamani, wakati wa Mwingereza. Akanitazama kana kwamba nimemwambia niliwahi kuwa rubani. Akaenda kuleta kompyuta yake, akaiweka mezani kando ya chai, akanionyesha jedwali analolifanyia kazi: nchi nyingi zimepangwa kwenda chini, miaka imepangwa kwenda pembeni, na ndani yake ni hesabu ya walimu wanaume wanaofundisha watoto wa umri ule. Akanieleza pole pole. Karibu kila nchi wanaume ni wachache mno. Huko kaskazini ya Ulaya serikali zimewabembeleza waingie, wakapanda kidogo. Kwingine walikuwapo wakapungua. Kwingine hawajawahi kuonekana. Nikamwuliza, na sisi, miaka ile? Akashusha kidole mpaka kwenye nafasi tupu yenye kistari. "Hapa hakuna taarifa, Babu." Ala! Hakuna taarifa, na taarifa yenyewe imekaa mbele yake inachovya mkate kwenye chai. Nilikasirika, nasema kweli. Nikamwambia afunge hiyo mashine anisikilize.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala. Lilijengwa kuhifadhi kahawa ya wakulima, likaonekana dogo, likajengwa jingine, na hili la kwanza likapewa misheni. Liko njiani ukipanda kutoka Tengeru, na mpaka leo kuta zake zimesimama ingawa sasa wanauza saruji humo. Harufu ya kahawa haikutoka kamwe. Ukifungua mlango asubuhi inakupokea ile harufu kavu ya magunia, na mvua ikinyesha inakolea mpaka watoto wanapiga chafya. Hakukuwa na dirisha ila matundu mawili juu karibu na bati, kwa hiyo tulisoma mlango ukiwa wazi, na mbuzi na kuku walihudhuria vizuri kuliko wanafunzi wengine. Watoto walikaa juu ya magome makavu ya mgomba. Walikuwa ni watoto ambao mama zao walikwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la Mzungu tangu alfajiri, na zamani walikuwa wakiwafungia ndani au kuwaacha na dada wa miaka saba. Alianza kuwafundisha binti mmoja wa misheni, akaolewa Machame, akaondoka. Akatafutwa mwingine, hakupatikana. Wasichana waliosoma walikuwa wa kuhesabu kwa vidole na wote walishaposwa. Ghala likafungwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nasubiri kitu cha maana kinitokee, na Bibi Klara, yule mama wa misheni aliyesimamia shule, akaniomba nikae na wale watoto kwa muda mfupi tu, mpaka apatikane mwanamke. Nikakubali kwa sababu nilikuwa sina kazi na nilichoka kuulizwa nina kazi gani.

Sikuipenda kazi ile kwa wema wa moyo, watu wasije wakanipamba siku ya kunizika. Niliipenda kwa sababu nilikuwa hodari. Kitu kingine chochote nilichojaribu nilikuwa wa kawaida, kulima wa kawaida, kuimba wa kawaida, mpira ndiyo usiseme. Lakini nikisimama mbele ya vidudu wananyamaza, nikikaa chini wananipanda, na nikiwaambia tembo amepita hapa jana wanakwenda nje kutafuta nyayo na wanarudi wameziona. Tulihesabu kwa punje za kahawa. Tuliimba namba kwa Kimeru kwanza, halafu kwa Kiswahili, maana wengi Kiswahili walikisikia kwangu kwa mara ya kwanza, na wengine walikuwa na Kimaasai tu kinywani, watoto wa wachungaji wa ng'ombe wa lile shamba. Wakilia nilijua nani analia kwa njaa, nani kwa usingizi, nani kwa ukorofi. Nilijuaje? Sijui. Mwingine anajua mbao, mwingine anajua ng'ombe.

Saa nne Mama Zipora alileta uji. Huyu alikuwa mjane, mpishi wetu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele, na jiko lake lilikuwa mawe matatu nyuma ya ghala chini ya kipande cha bati. Siku za mavuno alipika loshoro, mahindi na ndizi ndani ya maziwa ya mgando, akaipooza kwa kuipepea na jani. Mwanzoni alikataa nisikanyage jikoni kwake. "Mwanaume aliyetahiriwa unatafuta nini kwenye majivu? Kaa huko huko, nitakuletea." Lakini watoto walikuwa wengi na mikono yake ni miwili, ikafika siku uji unafurika na mtoto ameshika kijiti cha moto, nikaingia. Tangu siku ile nikala pale pale jikoni pamoja nao, kibuyu kinazunguka, na ndipo niliposikia mengi, maana wanawake waliopita na mizigo ya ndizi wakielekea sokoni walisimama kupumzika upande wa pili wa ukuta bila kujua nipo. "Ndiye huyo anayefuta makamasi." "Labda ana kasoro, maskini." "Wangu analala na jina lake mdomoni, Anaeli, Anaeli. Hata baba yake hamtaji." Mama Zipora ananitazama huku amebana mdomo asicheke, nami naendelea kula.

Mabishano makubwa zaidi yalitokea siku zilipoletwa benchi. Misheni iliagiza benchi fupi kutoka mjini Arusha kwa fundi seremala mmoja Kalasinga, mzee Kartar, mwenye ndevu zilizofungwa nadhifu na kipimo cha mbao nyuma ya sikio. Alizileta mwenyewe kwenye lori lake, akapiga magoti apime kama miguu ya watoto inafika chini. Bibi Klara naye alikuwapo, amekuja kukagua. Akanivuta kando, ila ghala halina kando, kila mtu alisikia. "Mwalimu Anaeli, umefanya vizuri sana. Sasa kuna nafasi kwenye shule kubwa, darasa la nne. Ni nafasi ya heshima. Kazi hii si ya mwanaume. Kwetu Ulaya huwezi kumkuta mwanaume na watoto wa umri huu." Mzee Kartar akainua kichwa kutoka chini ya benchi. "Samahani, Memsabu. Kwetu Punjabi mimi nimefundishwa na wanaume tupu, tangu nikiwa mdogo kama hawa. Mwanamke anafundisha, nimekuja kuona huku Afrika." Bibi Klara akasema hiyo ni kwa sababu kwao wasichana hawakusomeshwa. Mzee akajibu, "Kweli kabisa, Memsabu. Na kwenu wavulana walikosa nini?" Kwetu, kwenu, kwetu, kwenu, wakarushiana hivyo mpaka watoto wakaanza kuitikia. Mwishowe wote wawili wakanigeukia mimi, eti niseme kwetu ikoje. Nikasema, "Kwetu hakukuwa na shule ya vidudu, Bibi. Kwa hiyo hakuna desturi niliyoivunja. Desturi ndiyo kwanza naianza, na nafasi ya darasa la nne umpe mwingine."

Nilijishangaa mwenyewe. Bibi Klara alikuwa mtu wa haki, ingawa alikuwa mgumu. Alivaa kofia yake taratibu, akasema, "Vema. Utabaki maadamu hakuna malalamiko. Yakianza manung'uniko huko vijijini, nalifunga darasa mpaka nipate mwanamke. Sitaki ugomvi na wazee." Nikaelewa vizuri. Kufungwa maana yake ni kufungwa, kwa sababu huyo mwanamke nilishajua hayupo. Neema akiniuliza leo kwa nini wanaume walikuwa wachache, ananisomea sababu za kitaalamu, mishahara, sera, mitazamo ya jamii. Zote sawa, sipingi. Ila mimi nimemwambia aongeze kwamba kila nchi ilikuwa na Bibi Klara wake, mtu mwema kabisa, anayefungua mlango mkubwa zaidi ili utoke kwenye ule mdogo. Wengi walitoka. Mimi kiburi kilinisaidia, na kiburi changu sikijutii hata kidogo.

Sasa Ruthi. Tulikuwa tumechumbiana. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya na Jumatano na Jumamosi anauza ndizi sokoni Tengeru, na akicheka unamsikia kabla hujamwona. Mahari ilikwisha kuzungumzwa; kilichobaki ni mtamba mmoja, niliyemlea mwenyewe tangu ndama, mweupe kifuani, na wakati huo alikwisha kupandwa akashika mimba. Kijiji kizima kilimwita "ng'ombe wa Ruthi". Watoto wadogo waliomchunga walimwita hivyo, hata mama yangu alipomkamua ng'ombe aliyesimama kando yake pale zizini alimwambia huyu wa Ruthi asimpige teke. Baba yake Ruthi alinivumilia. Alisema ujana una mambo yake, nitakwenda darasa la nne nitapona.

Halafu ikaja ile Jumatano ya soko. Kulikuwa na mtoto anaitwa Nuru, msichana wa miaka minne hivi, na kaka yake mdogo aliyemzidi unene. Asubuhi Nuru alikataa uji. Nikamgusa shingo, anawaka. Kabla ya saa sita akaanza kutetemeka na kutapika, macho yanapanda juu, na mama yake yuko ng'ambo ya shamba la Mzungu anachuma. Mvua nayo ikamwagika. Nikamwachia Mama Zipora darasa, nikaazima khanga yake, nikamfunga Nuru mgongoni mwangu kama anavyofungwa na mama, nikamshika kaka yake mkono kwa sababu alinigandia mguuni na hakuna aliyeweza kumbandua, na mkono wa pili nikashika jani la mgomba juu ya vichwa vyetu. Nikashuka hivyo kwenda zahanati. Na njia ya zahanati inapita katikati ya soko. Watu wa kwetu watanielewa: ningembeba begani, hakuna ambaye angesema neno. Mwanaume humbeba mtoto begani. Humbeba hata mikononi akiwa mgonjwa. Mgongoni, kwa khanga iliyofungwa fundo kifuani, hiyo ni ya mama, na mimi nilikuwa kijana wa rika, nimetoka jandoni si zamani, sijaoa. Nakumbuka mama mmoja akiwa amenyanyua mkungu wa ndizi akabaki ameunyanyua. Kisha kikaanza kicheko kutoka kwa wauza mbuzi, kikaja kinanifuata mpaka mwisho. Ruthi alikuwa pale kwenye ndizi zake. Hakucheka. Aliinamisha uso. Mimi nilikuwa nasikia pumzi ya mtoto shingoni mwangu, fupi fupi, ya moto, na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba isije ikakatika kabla sijafika. Haikukatika. Walimchoma sindano, akalala, jioni akaomba ndizi.

Jumapili tuliimba pamoja kanisani, rika zima, Walutheri safi. Baada ya ibada rika likawa rika. Waliketi bila mimi, na jioni ile ile akaja Lazaro, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, akasimama nje ya uzio hataki kuingia. "Anaeli, umetuvua nguo. Watu wanatuuliza sisi nasi tunanyonyesha saa ngapi." Nikamwuliza, "Ungemwacha afe?" Akasema, "Nani kasema afe? Begani kulikuwa na nini?" Nikasema alikuwa anatetemeka, begani angeanguka. Lazaro akakuna kichwa. Hakuwa mjinga, aliona. Lakini alikuwa ametumwa. "Rika limekata shauri. Utatoa kondoo dume. Ukirudia, kondoo mwingine. Kila ukirudia, kondoo, mpaka uache. Na kama hutaki, tutakwenda kwa wazee, na wazee watakwenda kwa Bibi Klara. Njoo Jumamosi kwetu." Hapo ndipo waliponipata. Kondoo ningetafuta. Lakini maneno yakifika kwa Bibi Klara, ghala linafungwa, na akina Nuru wanarudi kufungiwa ndani peke yao kutwa nzima.

Ruthi alinijia Ijumaa jikoni kwa Mama Zipora, mchana, watoto wamelala juu ya magunia. Mama Zipora akajifanya anakwenda kuchota maji, ndoo ikiwa imejaa. Ruthi hakukaa. "Anaeli, mimi sikuoni vibaya. Nilikuona siku ile nikasema moyoni, huyu mtu. Lakini wewe utashinda humu ndani na watoto wako, kicheko nitaishi nacho mimi, mtoni, sokoni, kanisani. Chukua darasa la nne." Nikamwambia hawa hawatapata mwalimu. Akasema watapata. Nikasema, wangempata wangekuwa wameshampata. Alikuwa analia. Nilimpenda, na neno pekee la kumtuliza lingekuwa uongo. Kisha akafuta uso kwa upande wa kitenge. "Baba amesema mtamba asipofika mwisho wa mwezi huu, kuna wengine wanaoposa. Akifika, mimi nipo, na darasa umeacha. Asipofika, usinilaumu, na mimi sitakulaumu." Akapita katikati ya wale watoto waliolala akinyanyua miguu asiwakanyage. Neema aliposikia hapa akasema, "Babu, ulikuwa mkatili." Nikamwambia hapana, ni Ruthi aliyenena wazi, nami nikamsikia, na katika maisha yetu yote baada ya hapo, yeye kwake na mimi kwangu, hatukuwahi kukwepana njiani.

Jumamosi nilikwenda kwa Lazaro. Walikuwa wamekaa kwenye majani mbele ya zizi la baba yake, vijana wote wa rika letu, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeletwa kwenye kibuyu na kisu kimenolewa tayari kwa kondoo. Mlima ulikuwa wazi siku ile, hauna wingu. Nilitokea kwenye migomba nimeshika kamba, na mwisho wa kamba anakuja yule mtamba. Nilimwona Lazaro anasimama. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, si ng'ombe wa Ruthi huyu?"

Nikamfunga kwenye nguzo ya zizi. Nikawaambia, "Mmesema kila nikimbeba mtoto mgongoni ni kondoo. Mimi nitambeba mtoto Jumatatu kama akiugua. Na Jumanne. Nikija na kondoo kila mara mtachoka kuchinja. Huyu hapa anatosha kondoo wengi. Pigeni hesabu mpaka mwisho wa mwaka, mchukue mara moja. Ila faini ikishalipwa imelipwa. Sitaki kusikia neno limefika kwa wazee, wala kwa Bibi Klara, wala kwa mtoto yeyote wa darasa langu. Anayetaka kunicheka aje anicheke mimi, na aje asubuhi, maana mchana watoto wanalala."

Walitazamana. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu. Faini ilikuwa sheria yao wenyewe, hawakuwa na pa kuikatalia, na kila mmoja pale alijua nimewawekea nini mezani. Mwishowe Lazaro akaja mpaka kwenye nguzo, akampapasa yule mtamba tumboni, akanitazama kwa hasira na kwa kitu kingine ambacho nilikijua baadaye kabisa kuwa ni aibu. Akasema, "Yaya." Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. "Na mwaka ujao?"

Nikamwambia, "Mwaka ujao atakuwa amezaa. Chukueni na ndama."